Gari Lilipokataa Mlima

Kila siku ya shule, kazi ya kwanza ya Baba ilikuwa kukunja kiti cha magurudumu. Alikivuta katikati kikajikunja, akakiingiza nyuma ya gari. Kisha alimbeba Binti na kumkalisha kiti cha nyuma, upande wa dirisha. Binti alikuwa kidato cha mwisho na hakupenda kubebwa mbele za watu. Kwa hiyo waliondoka mapema, majirani wakiwa bado wanapiga mswaki.

"Mama, umekaa vizuri?" Baba aliuliza. Alimwita binti yake mama, kama baba wengi wanavyofanya.

"Nimekaa, Baba."

Mama mwenyewe, mwenye nyumba, alichungulia dirishani. Alikuwa fundi cherehani, na saa hiyo tayari alikuwa na pini mdomoni. "Nenda polepole," alimwambia mumewe. "Umebeba mtoto, hujabeba saruji."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Baba aliendesha malori kwa miaka mingi, safari za mbali, za kulala njiani. Aliziacha safari hizo ili ampeleke Binti shule, akatafuta kazi ya stoo hapa hapa mjini. Akanunua gari kubwa la familia, lililokwisha kutumika, kwa sababu kiti cha magurudumu kiliingia bila shida. Gari lilikuwa la gia otomatiki. Hilo Baba hakulipenda.

"Gari bila klachi," alizoea kusema, "sasa mguu wa kushoto umekuja kufanya nini?"

Basi aliliendesha kwa mazoea ya lori. Njia ya shule ilipanda mlima mrefu, kisha ikashuka hadi darajani. Walipoanza kushuka, Baba alisukuma gia kutoka D, ya kwenda mbele, akaiweka N, yaani nyutro. Gari likaserereka lenyewe.

"Acha lipumzike," alisema. "Na mafuta tunaokoa."

Kule chini, gari likiwa bado na kasi, alirudisha gia kwenye D. Gari lilishtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Binti alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Baba hakuona, alikuwa akitazama barabara.

Siku moja Mama alikuta matone uani, mahali gari lilipolala. Yalikuwa mekundu kwa mbali, yenye utelezi. Alimwita mumewe.

"Gari lako linavuja."

"Ni tone tu. Gari la umri huu lazima lijikojolee kidogo." Baba akaleta boksi la karatasi, akalitandika chini ya gari ili sakafu isichafuke. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta," Mama alisema.

"Nitaziba. Wikendi."

Wikendi zilipita. Gari likaanza tabia mpya. Asubuhi, Baba akiweka D, gari lilikaa kidogo kabla ya kuondoka. Mlimani injini ilipiga kelele nyingi, lakini mwendo haukuongezeka. Binti aliyasikia hayo yote. Alikaa nyuma, kimya, hakuwa na usukani wa kumshughulisha.

"Baba, gari linasita. Na kuna harufu kama ya kitu kinachoungua."

"Mama, gari hili naliendesha mimi. Nimeendesha kabla hujazaliwa. Wewe soma."

Hakusema kwa ukali. Lakini Binti alinyamaza, na kuanzia siku hiyo hakulitaja tena gari.

Mitihani ya mwisho ilipokaribia, wanafunzi waliitwa shuleni Alhamisi moja kuonyeshwa vyumba na namba zao. Mitihani yenyewe ingeanza Jumatatu. Asiyefika chumbani kwa wakati asingeruhusiwa kuingia, na angesubiri mwaka mzima. Binti alijua hivyo. Wazazi wake pia walijua.

Wakati wa kurudi, katikati ya mlima, injini ilinguruma na gari likasimama. Baba alikanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele zaidi, gari likabaki pale pale. Alitia R, ya kurudi nyuma, akatia D tena. Akakanyaga kwa nguvu. Harufu ya kuungua ikajaa ndani.

"Baba, zima," Binti alisema. "Tafadhali zima. Unaliumiza."

Baba alimtazama kwenye kioo, akavuta breki ya mkono, akazima. Aliwasha taa za tahadhari, akashuka na kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Kisha akampigia simu rafiki yake wa siku za lori. Rafiki huyo walimwita Spidi, kwa sababu hakuwahi kuwa nayo.

"Njoo na kamba," Baba alisema. "Utanivuta mpaka nyumbani."

Binti naye alimpigia Mama. Mama aliacha sketi ya watu kwenye cherehani, akagonga nyumba ya pili. Pale aliishi mwanamke mwenye gereji yake ya giaboksi. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na kicheko chake kilisikika kabla yeye hajafika.

Spidi alifika kwanza na lori lake, kwa mwendo wake ule ule. Alikuwa anafunga kamba Fundi alipotokea na gari lake la kubebea magari, lile lenye kitanda nyuma.

"Shikamoo, mama," Binti alisalimia kupitia dirishani.

"Marahaba, mwanangu." Fundi alimgeukia Spidi. "Fungua hiyo kamba, kaka."

"Mbona malori tunayavuta?" Spidi aliuliza.

"Hata lori lina masharti yake. Hili ni otomatiki. Ndani ya giaboksi kuna pampu inayosambaza oili, na pampu inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa, pampu imelala. Mkilivuta magurudumu yakizunguka, vyuma vya ndani vinazunguka bila oili. Kidogo kilichobaki mtakimaliza nyie wenyewe. Linabebwa, halivutwi."

Spidi alifungua kamba. Gari lilipandishwa juu ya kitanda, likafungwa, likapelekwa gereji.

Mama aliwakuta huko. Fundi aliunganisha kwanza kompyuta yake ndogo, akasoma. Kisha akachomoa kijiti kirefu karibu na injini, akakifuta kwenye kitambaa cheupe. Oili ilikuwa ya kahawia iliyokolea, kidogo sana, na inanuka.

"Oili naangalia kila Jumamosi," Baba alisema.

"Unaangalia ya injini, kaka. Hii ni ya giaboksi, na ina kijiti chake. Magari mengine hayana kijiti hicho, hupimwa gereji." Alifungua chupa mpya, akadondosha tone kando ya lile la kahawia. Lilikuwa jekundu, angavu. "Ilitakiwa iwe hivi."

"Ikiwa chafu ndiyo gari linakataa mlima?"

"Sikiliza. Kwenye lori, gia unabadilisha wewe, kwa mkono na mguu. Hapa anayebadilisha ni oili. Inasukumwa kwa nguvu, inabana sahani za ndani. Sahani zikishikana, nguvu ya injini inafika kwenye magurudumu. Oili ikipungua, sahani hazishikani vizuri. Zinateleza. Zikiteleza zinaungua. Ndiyo harufu ile."

Aliingia chini ya gari na taa, akatoka na mkono uliolowa. "Mpira unaopeleka oili kwenda kupozwa umepasuka. Umevuja muda mrefu. Hamkuona matone?"

Mama alimtazama mumewe. Baba alitazama pembeni.

"Na nyutro?" Mama aliuliza. "Maana bwana huyu mteremkoni hulipumzisha."

Fundi alicheka, kisha akaacha. "Halipumziki, kaka. Ukitia N, injini inazunguka taratibu, na pampu pia. Lakini magurudumu yanazungusha vyuma vya ndani mbio. Oili haitoshi. Halafu unarudisha D kwa kasi, sahani zinagongana. Tena injini haikusaidii kuzuia gari, umebaki na breki tu. Mteremkoni acha kwenye D. Mteremko ukiwa mkali, tia gia ya chini."

"Mazoea yana taabu," Baba alisema polepole.

"Harufu hii ilianza lini?" Fundi aliuliza.

"Leo," Baba alijibu.

"Kabla ya likizo," alisema Binti.

Wote walimgeukia. Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mkoba mapajani.

"Mbona hukuniambia?" Baba aliuliza.

"Nilikuambia mara moja. Ukasema gari unaliendesha wewe." Binti alivuta pumzi. "Na gari hili lilinunuliwa kwa ajili yangu. Uliacha safari kwa ajili yangu. Mimi nitalilalamikiaje?"

Baba aliumia. Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya tairi kuukuu.

"Mama," alisema mwishowe, "niliacha safari kwa sababu nilichoka kusikia habari zako kwenye simu. Sasa nimekuweka nyuma yangu kabisa, na bado sikusikii. Nisamehe."

Binti aliinamisha kichwa. Mama alijifanya anaondoa uzi kwenye nguo yake.

Spidi alikohoa. "Lakini Jumatatu je? Mimi nina wazo. Kuna oili nzito, na kuna dawa ya chupa. Unamimina tu, sahani zinauma. Mtihani ukiisha ndipo mtengeneze."

Baba alimtazama Fundi.

"Wapo wanaofanya hivyo," Fundi alisema. "Huenda likatembea siku mbili tatu, huenda lisitoke hapa getini. Oili isiyo yake inaharibu hata kilichopona, na kitabu cha gari kimeandika aina yake. Nikifungua sasa, nitabadilisha sahani zilizoungua, mpira, chujio na oili yote. Tukingoja, tutazungumza habari ya giaboksi nyingine nzima. Ila sikudanganyi, kufikia Jumatatu halitakuwa tayari."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Bila gari, mtihani ungeweza kumpita. Baba aliinuka akaenda mbele ya kiti cha Binti, akachuchumaa.

"Wewe unaonaje?"

Binti alishangaa kuulizwa. Alifikiri.

"Likikwama tena mlimani siku ya mtihani, sitafika. Au litarudi nyuma na sisi. Fundi alitengeneze vizuri. Tutafute njia nyingine ya kufika."

"Njia gani?" Mama aliuliza.

Binti alimtazama Spidi, kisha lori lake lililoegeshwa nje. Spidi alifuata macho yake.

"Kule juu?" alisema. "Mtoto wa watu apande kule juu?"

"Lina mkanda?" Binti aliuliza.

"Linao."

"Basi napanda. Ila aendeshe Baba. Ukiendesha wewe, tutafika mtihani umeshakusanywa."

Fundi alicheka mpaka akajishika kiuno. Hata Spidi mwenyewe alicheka.

Jumatatu, Binti alifika shuleni ndani ya lori, juu kuliko wote. Baba alibadilisha gia kwa mkono na mguu, kila gia kwa wakati wake, na mteremkoni alishuka na gia ya chini bila kugusa nyutro. Getini alimbeba kumshusha mbele ya wanafunzi wote. Safari hii Binti hakuona haya. Wenzake walikuwa wanagombea kumuuliza kule juu kunaonekanaje. Aliingia chumbani kabla ya kengele, na siku zilizofuata vilevile.

Katikati ya wiki ya pili ya mitihani, gari lilirudi. Fundi aliwapa masharti machache. Oili ya giaboksi ipimwe na ibadilishwe kama kitabu kinavyosema. Gari lisimame kabisa kabla ya kutoka D kwenda R. Kwenye kuegesha, breki ya mkono kwanza, ndipo P. Ukiona tone, usitandike boksi, tafuta linakotoka. Na gari likianza kuteleza au kunuka, simama mahali salama, zima, ita fundi.

Baba aliyafuata yote. Gari likaondoka bila kusita, likapanda mlima kwa sauti ya chini. Asubuhi, kabla ya kuondoka, alimgeukia Binti na kumuuliza kama kuna jambo. Mara nyingine jambo lilikuwa la gari. Mara nyingi lilikuwa la shule, au la rafiki aliyemuudhi. Baba alisikiliza hayo pia, hata walipochelewa kidogo kuondoka.

Mitihani ilikwisha. Majibu yalipotoka, Binti alikuwa amefaulu kwenda chuo. Mama alifunga cherehani siku nzima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Siku hiyo hiyo Spidi alikuja kuwapongeza. Alikuja na gari dogo alilonunua karibuni, nalo la otomatiki. Mama yake mzazi alikuwa amekaa nyuma.

"Hongereni," Spidi alisema. Kisha akamvuta Baba pembeni. "Nisaidie. Gari langu lina kitu. Linasitasita, sijui. Unadhani ni nini?"

"Nani hukaa nyuma?" Baba aliuliza.

"Nyuma? Si bibi mkubwa, nikimpeleka kliniki."

"Yeye anasemaje?"

"Aa, yule kila siku ana lake. Mara linapiga kelele, mara linanuka. Wazee, bwana, unawajua."

Baba alimshika bega, akamgeuza taratibu mpaka akalitazama gari lake.

Spidi alisimama kidogo. Halafu akaenda, akafungua mlango wa nyuma, akainama.

"Mama," alisema, "hebu niambie, huwa unasikia nini?"

Mama yake alimtazama kwa muda, kama anayetaka kuhakikisha kwamba ni yeye anayeulizwa. Kisha akasogea, akampa nafasi ya kukaa.