Nani Alichomoa Waya

Ilianza na zeituni. Nuha, binti wa Tawfiq fundi makochi, alikaa kula mchana kama kawaida, akamega mkate, kisha akaanza kuzitoa zeituni nyeusi bakulini moja moja na kuzisukuma ukingoni mwa meza. Za kijani alizila. Mama yake, Bushra, akamwuliza hizo nyeusi zimemkosea nini. Msichana akasema zinamkera, na hakuinua macho.

Katika mji wetu wa Meknes mtu anaweza kukataa nyama, anaweza hata kukataa posa ya tajiri, lakini kukataa zeituni ni habari ya kusimuliwa. Bushra aliona ni utundu wa miaka kumi na mitano tu. Kesho yake akamkuta binti ameketi sakafuni na mkasi, anakatakata fulana zake nyeusi, zilezile alizokuwa akizivaa mwaka mzima bila kutaka hata zifuliwe. Hapo mama alifurahi, masikini, akadhani dua zake zimejibiwa. Furaha ilikatika jirani alipoingia kuazima chekeche, kajifunga mtandio mweusi, na Nuha akamrukia, akauvuta mtandio ule kwa meno.

Halafu vikaja vidole. Tawfiq alikuwa chini kwenye karakana yake, anapiga sufi kwa fimbo mbili ili ilainike kabla ya kuijaza kwenye magodoro, aliposikia juu ya kichwa chake mtu anagonga meza kwa vidole. Mdundo ulikwenda mbio, ukazidi mbio, kisha ukakatika katikati, ukaanza tena, ukakatika palepale. Fimbo zikamtoka mikononi. Mdundo ule aliupiga yeye, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, na ulikatikia hapohapo.

Hapa lazima nieleze habari za Maskun, na nitazieleza kwa hasira kwa sababu sijui namna nyingine.

Leo kila mwanaume wa mji huu mwenye mvi mbili kidevuni anasema alikuwepo siku ile. Uongo mtupu. Ukumbi ulikuwa sinema kuukuu, na waliokuja hawakujaza hata safu za mbele. Maskun walikuwa vijana watatu wa mtaa mmoja: Anwar kwenye sauti, Zuhayr kwenye gitaa, Tawfiq kwenye ngoma. Walipiga muziki wa metali, ule wa mwisho wa ukali, ngoma zinakwenda kasi kuliko moyo wa mtu anayekimbizwa, na sauti inatoka chini ya tumbo. Jina lenyewe ni neno letu la mtu ambaye jini amemfanya maskani. Ilikuwa jeuri ya ujana, hakuna zaidi. Bendi haikumaliza mwaka.

Magazeti yaliandika kwamba wanakunywa damu ya paka. Anwar huyo, ambaye paka akipita tu uani alipiga chafya mpaka macho yakavimba! Wimbo wao wa mwisho siku ile uliitwa "Mgeni". Walipofika katikati, umeme ukakatika, giza likaingia, na polisi wakaingia. Tawfiq na Anwar walifungwa kwa kosa la kuchezea imani za watu, na ushahidi uliowekwa mezani mbele ya hakimu ulikuwa fulana nyeusi. Zuhayr hakuonekana. Alitokea baadaye Ufaransa, akasema alikamatwa mlangoni, akachomwa kiganja kwa sigara, akaponyoka. Anwar alitoka jela kifua kimeoza, na baridi ya mwaka huohuo ikamchukua. Siku ya maziko mtaa ulifunga madirisha. Jeneza lilibebwa na baba wa marehemu, na Tawfiq aliyekuwa ametoka jela pamoja naye, na wapita njia wawili ambao hawakujua ni la nani.

Sasa kaseti iliyorekodiwa ukumbini siku ile imepanda mtandaoni, na watoto wa Brazili na Ufini wanaiabudu. Wanauza fulana zenye picha ya waya uliochomolewa. Zuhayr anahojiwa, ananyoosha kiganja chenye kovu mbele ya kamera, anasema, waliukata umeme lakini hawakutukata sisi. Waliofunga madirisha wanamwita fahari ya mji. Nuha naye alikuwa ameupata wimbo ule huko, akausikiliza kila siku kwa siri, masikioni, hadi pale unapokatikia.

Alhamisi, alasiri, Bushra alikuwa darini anaanua nguo. Akasikia harufu ya waya unaoungua. Alishuka kukagua soketi, akapita jikoni, akapita sebuleni, hakuona kitu, na kadiri alivyosogea kwenye chumba cha Nuha harufu ilizidi kumkaba koo, na nyuma ya mlango vidole vilikuwa vinagonga ubao, vinakatika, vinaanza, vinakatika, na juu ya vidole ikapanda sauti ya mwanaume, nzito, ya kukwaruza, inayotoka mahali pasipokuwepo kifuani mwa msichana, na Bushra, aliyekuwa amesoma darasa moja na Anwar na aliyemjua kwa sauti tangu utotoni, alishika kitasa asiweze kukizungusha wala kukiachia, kwa sababu marehemu yule alikuwa humo ndani anamwita mumewe kwa jina la utani ambalo hakuna aliye hai aliyelitumia tena.

Walimwita Lalla Batul, yaani Bibi Batul, mama anayeongoza wanawake wa zikri na kuwapunga watu majini yao. Alimtazama Nuha kidogo tu, kisha akamgeukia baba.

"Mdundo huu umeutoa wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Tawfiq alisema ni wa babu yake, aliyekuwa akipiga ngoma ya udongo begani kwenye hadhara za wapungaji. Yeye aliuongeza kasi tu, akauweka kwenye wimbo. Lalla Batul akafumba macho. Kila jini ana ngoma yake, alisema, ukiipiga umemwita. Mwishoni kuna midundo michache inayoitwa salamu, na hiyo ndiyo inayomruhusu aende zake. Babu hakumfundisha salamu? Tawfiq alikiri alimfundisha, na kwamba aliipanga iwe mwisho wa wimbo, ila umeme ulikatika kabla.

"Ngoma yako ilikuwa na waya, mwanangu?"

"Hapana, Lalla."

"Sasa umeme unahusikaje?"

Tawfiq aliitazama mikono yake. "Niliogopa," alisema.

Basi jini lile lilikuwa limeitwa, likacheza, halikuagwa. Limekaa ndani ya wimbo muda wote huo likingoja mwisho, na sasa limepata kiti, mwili wa Nuha. Dawa ilikuwa moja tu: wimbo upigwe tena mbele ya binti, na haohao walioupiga, mpaka salamu. Sauti ilikuwepo tayari, wote waliisikia. Ngoma ilikuwepo. Lilikosekana gitaa. Lalla Batul alitoa sharti moja kabla ya kuondoka, mtu asiingie na kitu cheusi, kwa sababu mgeni huyu akipanda haivumilii rangi hiyo. Tawfiq akakumbuka kwamba siku ile jukwaani wote watatu walivaa nyeusi.

Zuhayr alikuwa mjini wiki hiyo, katika hoteli ya upande mpya wa mji, kwa ajili ya kutengeneza santuri ya ile kaseti. Tawfiq alipompigia alikubali haraka mno. Alikuja Ijumaa baada ya chakula cha mchana cha kuskusi, na gitaa, na amplifaya ndogo, na mashine ya kurekodi. Akamkumbatia Tawfiq, akamwita kaka, akaeleza kwamba kampuni ya santuri inalia usiku na mchana kutaka mwisho wa "Mgeni". Fikiria, alisema, wimbo mzima, baada ya miaka yote hii. Kuhusu Nuha aliuliza baadaye. Alikuwa amevaa fulana nyeusi yenye jina la bendi.

"Vua," Lalla Batul alimwambia.

"Bibi, hii ndiyo nguo yangu ya kazi."

"Na mimi ndiyo kazi yangu. Vua, au funika."

Akafunikwa kanzu nyeupe ya Tawfiq. Aliivaa huku anacheka puani, kama mtu anayewavumilia washamba.

Ubani ukawashwa uani. Nuha aliketishwa kwenye mkeka, mama yake akimshika mabega. Zuhayr akachomeka waya wa amplifaya ukutani, akawasha mashine yake. Tawfiq akaweka begani ngoma ya udongo ya babu, ngozi imepashwa moto, na akaanza.

Mdundo ulianza taratibu. Gitaa likaingia likinguruma, na msichana akainuka. Lalla Batul akamwashiria Bushra amwachie. Nuha aliyumba, nywele mbele ya uso, na ile sauti ikatoka, sauti ya Anwar kamili, na Zuhayr aliposikia akapauka mpaka midomo, jasho likamchuruzika, akaivua kanzu ile kichwani bila kuacha kupiga, akabaki na fulana yake nyeusi, na Lalla Batul akapiga ukelele wa kumzuia lakini ulikuwa umechelewa, kwa kuwa Nuha alishageuka, anakuja kwake hatua kwa hatua, na mdundo unazidi kasi, na harufu ya waya unaoungua imeumeza ubani wote, na walikuwa wanakaribia pale, palepale ambapo kaseti hukatikia, na hapo mkono wa Zuhayr uliacha nyuzi, ukaenda nyuma yake mpaka ukutani, haraka, kama mkono unaoijua njia, ukachomoa waya.

Cheche iliruka. Gitaa likafa. Ngoma haikufa, safari hii Tawfiq hakuacha, alishusha tu mdundo ukawa wa chinichini, unazunguka.

Nuha akaushika mkono ule, akaukunjua kiganja. Kovu la zamani lilikuwa katikati, na juu yake jekundu jipya, la umbo lilelile.

"Nani alichomoa waya?" sauti ya Anwar iliuliza. Haikunguruma. Iliuliza kama rafiki anavyouliza.

Zuhayr alitazama huku na huku, hakupata mahali pa kuweka macho. "Mjomba wangu alinionya," alinong'ona. "Alisema nikichomoa waya mkuu wa ukumbi, polisi wakaingia gizani, wataniachia nitoke mlango wa nyuma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Tawfiq."

"Anwar naye alikuwa na kumi na tisa," alisema Tawfiq.

Hapo Tawfiq alielewa yote, na nasema wazi kwamba mimi ningeelewa nikaua. Hakuna polisi aliyekata umeme. Hakuna sigara. Kovu lile lililozungushwa kwenye magazeti ya Ulaya lilikuwa la cheche, fulana zile zenye waya zilikuwa zinauza usaliti wa Zuhayr mwenyewe kwa watoto wa watu, na Anwar alikufa akimwuliza Tawfiq kama Zuhayr alisalimika.

Nuha aliikamata fulana nyeusi kwa mikono miwili, akaichana kutoka shingoni hadi chini. Kisha akalegea, akaanguka mikononi mwa mama yake, na kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya kitoto, akaomba maji. Papo hapo Zuhayr akakakamaa ukutani. Kichwa kilirudi nyuma, macho yakageuka meupe, vidole vyake vikaanza kugonga mbao za gitaa lililokufa: mbio, mbio, kisha kimya. Mbio, mbio, kisha kimya.

"Amehama kiti," alisema Lalla Batul, anahema. "Binti amepona. Sasa piga salamu, mwanangu, upesi, aende zake."

Tawfiq alikuwa na salamu yote mkononi. Ilikuwa midundo michache tu, mtoto angeipiga. Alimtazama Nuha anayekunywa maji, akamtazama Zuhayr anayetetemeka, na ile mashine ya kurekodi iliyokuwa bado inawaka taa yake kwenye mkeka, inangoja mwisho wa wimbo.

"Malizia, baba Nuha," Bushra alimsihi. "Malizia tu, yaishe."

"Ukimnyima salamu, atarudi kukudai wewe," alisema Lalla Batul. "Nakuambia mbele ya mkeo ili usije kusema hukujua."

Tawfiq akaishusha ngoma begani, akailaza chini taratibu, akaweka viganja magotini.

"Ngoma haina waya, Lalla," alisema. "Safari hii nimeacha mwenyewe."

Santuri ilitoka, na wimbo unakatikia palepale. Zuhayr anapiga kumbi kubwa siku hizi. Wanasema kila onyesho likifika mahali pale hukakamaa jukwaani, macho meupe, vidole vinagonga gitaa, mpaka wambebe. Watazamaji hushangilia, wanadhani ndiyo sanaa. Mji wetu umempa nishani, bila shaka. Mji wetu hauoni aibu. Lalla Batul akikutana na Tawfiq njiani hujifanya anatafuta kitu mkobani.

Nuha amerudi shule na anakula zeituni za rangi zote. Juzi, mchana, alisogeza bakuli katikati ya meza akamkaribisha baba yake. Bushra alikuwa anakata mkate. Alisikia harufu ya waya unaoungua, akainua kichwa, akamwona mumewe anazitoa zile nyeusi, moja moja, anazisukuma ukingoni.