Jina Lililoshindiliwa Tutani

Jiwe la kushindilia lilikuwa limeshatuliwa, wanaume wameketi juu ya tuta la kuzuia mto wanakula wali kwa figili za kuchacha, na bado kishindo kilisikika. Du. Du. Kilitoka chini yao, ndani ya udongo.

"Masikio yenu tu hayo," alisema Tan Guangfu, kiongozi wa nyimbo za kazi. Lakini chakula kilimshinda, maana aliyekosea ni yeye. Siku zote kiongozi huwatania wapita njia ndani ya wimbo, watu wakacheka, jiwe likawa jepesi. Isipokuwa siku ya kuziba pengo la mwisho la tuta. Siku hiyo hatajwi mtu aliye hai, jina lake lisije likashindiliwa humo, mto ukamchukua. Na asubuhi ile binti yake wa pekee, Qiuju, alipita na birika la chai, naye kwa mazoea akaimba, "Qiuju wangu, njoo!" Wenzake wanane, kila mmoja na kamba yake, wakaitikia, wakaliangusha jiwe.

Jioni alimkuta Qiuju kitandani, ananuka matope ya mtoni.

"Baba, nani ananiita?"

"Hakuna mtu. Usiitike, mama. Nakuomba."

"Nimeshaitika."

Siku ya tatu Qiuju alikuwa anakohoa udongo. Guangfu akabeba jembe akalibomoe tuta, majirani wakamnyang'anya.

"Mto umejaa, Tan! Ukilivunja tunakwenda na maji sote, na huyo Qiuju wako humo humo!"

Akalia mbele yao, mtu mzima na mvi zake.

Bibi Peng, mganga, alimfunua Qiuju kope, akasonya. "Mdomo wako huo, Guangfu! Jini la mto halitoi kitu bure. Jina limeingia kwa wimbo, litatoka kwa wimbo, na jingine la mtu aliye hai likae mahali pake. Liimbwe mara tatu."

"Jina la nani?"

Bibi Peng akageukia ukutani.

Adhuhuri, mvua ikimwagika, Guangfu alipanda tutani peke yake. Jiwe lilikuwa kwenye matope na kamba zake nane zimelala. Akaimba, "Guangfu, njoo!" na kabla hajavuta pumzi kamba ya kwanza ikakazika, ikafuata ya pili, na ya tatu, zote nane zikanyooka hewani bila mkono wowote kuzishika, na jiwe lile zito likainuka polepole likasimama juu ya kichwa chake, na chini ya miguu yake sauti nyingi nzito zikaitikia.

Akaimba mara ya pili. Udongo ukamshika vifundo vya miguu.

Ndipo akasikia kutoka nyumbani, bondeni, sauti safi isiyo na kikohozi:

"Baba! Baba, uko wapi? Nina njaa!"

Furaha ilimkata maini. Alitamani kumwitika, amwambie wali uko chunguni, ale wote. Lakini jiwe lilikuwa bado linaning'inia, linangoja mara ya tatu, la sivyo limdai tena Qiuju. Guangfu akajifuta uso, akaimba jina lake mara ya tatu.