Kadi Arobaini za Miji

Kila asubuhi, kabla hata hajapiga mswaki, Atlasi alikuwa ameshamtafuta mtu wa kumwuliza swali. Siku hiyo zamu ilimwangukia mama yake, fundi cherehani, aliyekuwa ameinama akijaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Mama, jiji gani limekaa kwenye mabara mawili?"

"Mtoto gani ameacha vyombo vichafu tangu jana?" mama alijibu bila kuinua macho. "Ukimpata, mwambie aende jikoni."

"Ni Istanbul!" Atlasi alisema huku akibenua midomo. "Upande mmoja Ulaya, upande mwingine Asia. Hata hilo hulijui, mama? Makubwa!"

Ndivyo alivyokuwa msichana huyo wa darasa la saba. Jina la Atlasi alijipachika mwenyewe, maana hakuna aliyejitolea kumpa, na wenzake wakalikubali kwa kuchoka. Ungemsikia akitaja majiji ungedhani ameizunguka dunia mara mbili kwa miguu. Wapi! Mji wa mbali kuliko yote aliyowahi kufika ni ule anakoishi shangazi yake, na njiani alitapika.

Elimu yake aliichota sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa kitabu kikubwa cha majiji kilichokuwa kwenye maktaba ya shule. Ya pili ilikuwa televisheni ya kinyozi, jirani na kibanda cha mama yake cha kushonea, ambako filamu na mpira vilionyeshwa tangu mchana. Hapo ndipo alipojitungia kanuni yake: jiji linaloonekana sana kwenye filamu na mpira ndilo mji mkuu wa nchi. Lisiloonekana hakulihesabu kabisa. Kanuni ya kijinga kama hiyo hata mbuzi angeisikiliza mara mbili kabla ya kuikubali, lakini Atlasi alitembea nayo kifua mbele.

Dharau yake kubwa alimwekea mwenzake wa dawati. Huyo walimwita Kobe, kwa sababu akiulizwa jambo alinyamaza kwanza, akafikiri, ndipo akajibu. Atlasi hakuweza kumvumilia. Kobe akianza kufikiri, yeye alikuwa ameshasonya.

Muhula huo yalitangazwa mashindano ya chemsha bongo baina ya shule za jirani, na mada ilikuwa majiji ya dunia. Mwalimu wa jiografia akawachagua Atlasi na Kobe. Kitabu cha majiji kilikuwa kimoja tu na hakikuruhusiwa kutoka maktaba, kwa hiyo mwalimu alimpa Atlasi orodha ya maswali mia moja.

"Tafuta majibu kitabuni," alimwambia. "Swali liandike mbele ya kadi, jibu nyuma. Kadi hizo ndizo mtakazosoma nyote wawili. Usikosee, maana mwenzako atakutegemea."

"Usijali, mwalimu. Hiyo kazi kwangu ni maji."

Maji yenyewe yalimwishia kwenye kadi ya sitini. Vidole vilimwuma, na kwa kinyozi kulikuwa na filamu mpya. Basi zile arobaini zilizobaki, zote za miji mikuu, akazilipua tu, kitabu kimefungwa, kanuni yake ya televisheni ikimwongoza. Australia? Sydney. Kanada? Toronto. Moroko? Casablanca. Uturuki? Istanbul, nani asiyeijua! Dakika ishirini hazikufika, amemaliza, naye akajiona bingwa.

Siku iliyofuata Kobe alizipitia kadi taratibu.

"Una hakika mji mkuu wa Australia ni Sydney?" aliuliza. "Nilidhani ni mwingine. Twende tukaangalie kitabuni."

"Ulidhani!" Atlasi alicheka mpaka wenzao wakageuka. "Kitabu nimekimaliza mimi, wewe unadhani. Hebu kariri, Kobe, usinipotezee muda."

Kobe akaenda na kadi nyumbani. Alizikariri siku tano mfululizo, hata mdogo wake wa darasa la pili akawa anaweza kuzitaja. Siku ya sita alimrudishia Atlasi kadi zake, zote mia, bila hata moja kukunjika pembe.

Mashindano ya kwanza yalifanyika kwenye ukumbi wa shule ya jirani. Kila mtu aliulizwa kwa zamu. Bahati ya Atlasi ni kwamba maswali yake yote yalitoka kwenye zile kadi sitini za mwanzo: jiji la Italia lenye mifereji badala ya barabara, jina la zamani la Tokyo, jiji linaloitwa Tofaa Kubwa. Venisi, Edo, New York. Alijibu kabla swali halijaisha, shingo ameinyoosha.

Kisha zamu ya Kobe. "Mji mkuu wa Australia?"

Kobe alinyamaza, akafikiri. "Sydney."

"Si sahihi. Ni Canberra."

Shingo ya Atlasi ikarudi chini. Swali la pili likaja: Kanada. Kobe akasema Toronto, kumbe ni Ottawa. La tatu: Moroko. Kobe akasema Casablanca, kumbe ni Rabat. Ukumbi ukaangua kicheko. Msichana mmoja wa mbele alimwuliza mwenzake kwa sauti kama huyo aliletwa kupunga upepo. Kobe aliinamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye sketi.

Na Atlasi? Alikaa kiti cha pembeni yake, akatazama dari. Mdomo ule usiokauka maneno, siku hiyo ulishonwa.

Waliponea chupuchupu, wakaingia fainali kwa alama moja. Lakini kesho yake shule nzima ilikuwa ikimwita Kobe "Casablanca", na mwalimu wa jiografia hakuficha hasira.

"Maswali yale yote yalikuwa kwenye orodha yangu," alisema. "Kama Kobe hakusoma, namwondoa, namweka mwingine. Atlasi, kesho asubuhi niletee kadi nizione."

Muungwana angesema ukweli palepale. Atlasi alisema, "Sawa, mwalimu," akakimbilia maktaba. Akakifungua kile kitabu, akaandika upya kadi zote arobaini. Canberra. Ottawa. Rabat. Ankara. Kila ukurasa ulimzaba kofi. Kati ya zile arobaini alikuwa amekosea ishirini na saba! Alipomaliza alitazama saa ya ukutani: ilikuwa imepita saa moja na nusu. Kazi aliyoikimbia, akamponza mwenzake, ilikuwa ya saa moja na nusu tu. Hata hivyo kadi za zamani alizichanachana akazitumbukiza chooni, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi mwalimu alizipanga kadi mezani, akachukua moja, akamkabidhi Kobe. "Soma nyuma."

Kobe alisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Canberra."

"Sasa Sydney uliitoa wapi?"

Atlasi alikuwa tayari. Jibu la kumkandamiza Kobe alilipanga tangu jana: ndivyo alivyo huyu, mwalimu, kichwa chake kizito. Alingoja tu aanze kushtakiwa.

Kobe hakumshtaki. Alizipitia kadi nyingine mbili, na uso ukamshuka.

"Basi nilikosea, mwalimu," alisema polepole. "Sijui kichwa changu kina nini. Niliona kabisa Sydney, kumbe haikuwa." Akamgeukia Atlasi. "Nisamehe. Umeziandika zote hizi kwa mkono wako, mimi nikakuaibisha mbele za watu."

Lo! Afadhali angemtukana. Atlasi aliyaona macho ya mwenzake yamevimba kwa kulia, na kwa mara ya kwanza maishani mwake dharau yake ilikosa mtu mwingine wa kumwangukia. Ilimrudia mwenyewe, nzima nzima.

"Mwalimu, Kobe hakukosea," alisema. "Niliandika Sydney mimi. Arobaini za mwisho sikufungua kitabu. Hizi nimeziandika jana."

Mwalimu akaivua miwani. "Kwa hiyo jana ulifungua kitabu?"

"Ndiyo."

"Ili ujifunze?"

"Hapana, mwalimu. Ili nifiche."

Kobe alisimama. Safari hii hakunyamaza kwanza. "Nimelia tangu juzi!" alifoka. "Nilidhani nimeanza kuwa mjinga! Na wewe umekaa pembeni yangu unatazama dari!"

Atlasi aliinama juu ya kadi. Alilia, na hakuna aliyembembeleza.

Siku hiyohiyo mwalimu alimsimamisha mstarini, mbele ya shule nzima iliyomcheka Kobe, naye Atlasi akaeleza kosa lake lote bila kuruka neno. Kisha Kobe akafanywa kiongozi wa timu, na akaulizwa kama anataka mwenzake abaki. Alifikiri kwa muda mrefu, na Atlasi akangoja bila kusonya.

"Abaki," Kobe alisema mwishowe. "Lakini kadi zote nazikagua mimi, moja moja, kitabu kikiwa wazi."

Alizikagua zote mia. Katika zile sitini za mwanzo, ambazo Atlasi aliapa hazina kasoro, alipata makosa mawili.

Fainali ilikuwa ngumu, ingawa safari hii mtu aliruhusiwa kumpa mwenzake swali asilolijua. Atlasi alijibu kwamba Hollywood ni mtaa wa jiji la Los Angeles, na Kobe akaitaja Brasília bila wasiwasi. Halafu Atlasi akaulizwa mji mkuu wa Kazakhstan. Ukumbi ukatulia. Zamani angetaja jiji lolote, kifua mbele. Akamgeukia Kobe.

"Sijui," alisema. "Nampa mwenzangu."

Kobe akanyamaza. Sekunde zikapita. "Astana," alisema.

"Sahihi!"

Alama hiyo ndiyo iliyowapa ushindi. Walipokuwa wakirudi shuleni kwa miguu, kombe likiwa mikononi mwa Kobe, mwalimu alimwita Atlasi kando.

"Akili unayo, na sikukuadhibu kwa kukosea," alimwambia. "Ulimdharau mwenzako, na mtu ukishamdharau huoni tabu kumpa uongo. Asiyejua tunaweza kumfundisha leo hii. Anayejifanya anajua anapotea yeye, halafu anampoteza na aliyemwamini. Likumbuke hilo kila unaposhika kalamu."

"Nitakumbuka, mwalimu."

"Na lile 'sijui' lako la leo," mwalimu aliongeza, "ndilo jibu lako la kwanza ambalo sikuhitaji kulikagua."