Nafasi Kati ya Kumi na Tisa na Ishirini

Kiti cha kumi na tisa kilipita, Zuura akaanza kuhesabu. Alifika kumi na mbili, kiti cha ishirini hakijaja. Kilikuja kwenye kumi na nne, kitupu, kinayumba kidogo.

Sekunde mbili tu, nani angejali? Lakini Zuura alikuwa amefanya kazi miaka kumi na moja pale chini ya mlima wa Kashka-Bulak, akipandisha watu na ski zao, zile mbao za kutelezea thelujini, kwenye lifti ya viti, na mdundo wa lifti ile ulikuwa umemwingia mwilini. Kila sekunde kumi na mbili, kiti. Siku hiyo mdundo uliruka, na uliporuka ikapita harufu ya sufu ya kondoo iliyolowa. Kondoo wenyewe walikuwa wameshashushwa bondeni tangu vuli.

Akamwita mdogo wake, Toktosun, fundi wa lifti.

"Saa yako imezeeka, dada," alisema Toktosun. "Imemfuata mwenyewe."

"Mimi na saa yangu tutakuzika wewe. Nenda kaangalie vibano."

Viti vya lifti ile vimebanwa kwenye kamba nene ya chuma. Kibano kikilegea, kiti huteleza kwenye mteremko na kugonga kingine, na aliyekaa hapo ni wa kusomewa dua. Ndiyo maana nyuma ya kila kibano hupakwa rangi nyekundu: kikisogea hata upana wa ukucha, rangi inakatika na fundi anaona. Toktosun alipanda ngazi, akakagua, akashuka akipuliza vidole.

"Rangi nzima. Kibano kimekaza. Hivi siku hizi unalala kweli, dada?"

Zuura alimtazama usoni. Alimjua huyu tangu anatambaa: akiwa mkweli hunung'unika, akificha jambo hutania. Na leo alikuwa anatania mno.

Angeliacha lipite, lakini palikuwa na Begaim. Begaim, binti yake wa pekee, alikuwa akipika chai na mikate kwenye kibanda cha juu mlimani. Alipanda asubuhi na kushuka jioni, siku zote kwenye kiti hichohicho cha kumi na tisa, eti ndicho kisichokwaruza. Mama gani angenyamaza?

Siku ya tatu nafasi ilikuwa sekunde kumi na nane.

"Leta ufito," Zuura alimwambia mdogo wake. "Tupime."

Ufito wa kupimia ulikuwa wa mita tatu. Kila vuli Toktosun aliutumia kusogeza viti vyote hatua moja mbele, ili vibano visiitafune kamba mahali pamoja, na kati ya kiti na kiti ufito ulitakiwa kuingia mara nane. Walisimamisha lifti, wakaulaza kwenye theluji chini ya kamba, toka kumi na tisa mpaka ishirini. Ukaingia mara nane kamili.

"Umeona?" Toktosun alicheka.

Zuura hakucheka. Alitoa mfukoni utepe wa kupimia, wa chuma, akapima palepale. Mita thelathini na sita. Akaupima ufito wenyewe: mita tatu, bila kupungua wala kuzidi. Akarudia tena na tena, na mara zote ufito ulisema nafasi ni sawa na utepe ukasema nafasi imezidi. Kicheko cha Toktosun kilikatika.

"Ufito wa zamani ulikuwa wa mbao nyeupe," alisema Zuura polepole. "Huu mwekundu umeutoa wapi?"

"Dukani."

"Toktosun."

"Ule ulivunjika, dada. Viti sitini vilikuwa vinanisubiri, theluji inakuja, nifanye nini?" Sauti yake ilishuka ikawa mnong'ono. "Niliukata kwenye mti wa mreteni. Ule wa chemchemi."

"Ule wenye vitambaa?"

Akaitikia kwa kichwa. Zuura alishika mdomo. Mti ule watu waliufungia vitambaa vya nadhiri tangu enzi za mababu. Hata mbuzi hawakuula. Mwanaume mzima, amefundishwa na mama yule yule, ameupelekea shoka!

Hawakungoja. Bibi Kalipa, mganga, aliishi njia panda ya bonde. Alipousikia ufito ukitajwa aliweka kikombe chake chini.

"Mmeukata mkono wa mwenye mti, mkaenda nao kugawa nafasi," alisema. "Naye anajikatia yake. Itatanuka mpaka itoshe kiti kizima, halafu atakaa. Na hawa wakikaa hawapendi upweke."

"Tufanye nini, bibi?" Zuura alikaribia kulia. "Mwanangu anakaa hapohapo!"

"Ikaangwe mikate saba kwa mafuta ya kondoo. Aliyekata ndiye arudishe, na moshi wa mreteni uzungushwe kwenye mashine yenu. Kila kilichotoka kwenye mti huo kirudi. Kila kitu, kijana, umenisikia?"

"Nimesikia, bibi," alisema Toktosun, akitazama viatu vyake.

Begaim alikaanga mikate huko juu, akaishusha ingali ya moto. Toktosun aliubeba ufito mpaka kwenye chemchemi, akauegemeza kwenye shina, akaomba radhi kwa sauti mpaka kamasi zikamtoka. Bibi Kalipa alizungusha moshi kwenye gurudumu, kwenye nguzo, kwenye kiti cha kumi na tisa na cha ishirini. Kesho yake Zuura alihesabu: kumi na mbili. Kumi na mbili. Kumi na mbili. Aliketi kwenye kiti chake cha mbao akalia kwa furaha, bila kujali watalii waliokuwa wakimtazama.

Siku tatu za raha. Ya nne, jua likiwa bado juu ya kilele, wateja wakiwa wameshaondoka, Begaim alikuwa anashuka. Zuura alimwona kwa mbali, koti la njano, mfuko mapajani, na nyuma yake akaona kiti cha ishirini mahali pake, na kati yake na hicho cha ishirini, pale palipopaswa kuwa na hewa tu, akaona kiti kingine, kisicho na namba, kisicho na rangi nyekundu nyuma ya kibano, kikining'inia kimetulia wakati upepo ulikuwa unavitikisa vyote, na ile harufu ya sufu iliyolowa ikashuka mlimani na kumjaa kooni hata akashindwa kuita.

Begaim alishuka akitabasamu.

"Mama, yule bibi aliyeko nyuma yangu ni nani? Njia nzima ananiita kwa jina."

Zuura alimvuta mkono. Ndipo alipoona kilichochomoza kwenye mfuko wa binti yake: kifimbo cha kusukumia mikate, kipya, chekundu.

"Hicho umekitoa wapi?"

"Si mjomba alinichongea? Alibakiwa na kipande vuli, alipokata ufito wake. Ndicho nilichosukumia ile mikate saba." Begaim akacheka. "Mama, mbona umekuwa mweupe hivyo?"

Zuura aliruka kwenye kibanda chake, akakipiga kwa ngumi kitufe chekundu cha kusimamishia lifti. Gurudumu likalia, likasimama. Kamba ikatulia. Mlima mzima, viti vyote vikasimama hewani, kimoja baada ya kingine vikiyumba na kunyamaza.

Begaim bado alikuwa anakung'uta theluji kwenye koti. Nyuma yake, kimoja kiliendelea kuja.