Jina Ambalo Halikuwamo Ghalani

Haya yalimpata shemeji yangu, mume wa dada, mtu asiyeamini hata kivuli chake. Alikuwa fundi wa tovuti ya gazeti, upande wa matangazo ya vifo. Matangazo yote hukaa kwenye hifadhidata, ndiyo ghala lao. Lakini msomaji akitafuta jina, kinachomjibu ni faharasa, nakala ya matangazo iliyopangwa kwa majina. Kazi ya shemeji ilikuwa kuhakikisha faharasa inalifuata ghala. Tangazo likiingia, lionekane. Likiondolewa, litoweke.

Jumanne moja asubuhi alikuta faharasa ina jina moja la ziada, na tangazo lake kamili. La mlinzi wa getini, aliyetoka kumsalimia muda si mrefu. Ghalani halimo.

"Kosa tu hili," akajisemea, akalifuta.

Saa saba mchana mlinzi alianguka akifunga kamba ya kiatu, akafa. Jioni bintiye akaleta tangazo. Neno kwa neno, lilelile alilolifuta.

Alhamisi likaja jingine. La mtoto wake mwenyewe. Miaka sita.

Akafuta. Likarudi. Akaijenga faharasa yote upya kutoka ghalani. Likarudi. Mwishowe akagundua jambo: kulifuta haikubali, kulibadilisha inakubali.

Mlango ukafunguka. Dada wa mapokezi, kikombe mkononi.

"Fundi, mbona umekauka hivyo? Kunywa chai basi."

"Weka hapo," akanong'ona. "Hivi jina la baba yako linaandikwaje?"

"La nini tena?"

"Fomu tu."

Akamtajia herufi moja moja, huku akicheka. Shemeji akaandika jina la dada huyo na la babaye mahali pa jina la mtoto.

Yule dada wa mapokezi hakurudi mezani kwake. Walimkuta kwenye ngazi, macho wazi.

Tangazo lake lilipoletwa, shemeji ndiye aliyeliingiza. *Ameacha pacha wachanga.* Hakuwa akijua kwamba ana watoto. Alimwambia dada yangu kwamba hata angejua, angeandika vilevile. Tangu siku hiyo dada analala chumba kingine.

Mtoto ni mzima, anacheza. Ila asubuhi ya mazishi aliamka amesukwa mistari saba ya kubana, kila mmoja na ushanga mweupe. Hakuna mtu nyumbani anayejua kusuka hivyo. Shemeji alipoiona akakaa sakafuni: ndivyo alivyosukwa yule wa mapokezi siku ile ya chai.

Dada akaifumua. Kesho yake, mistari saba.

Tukamnyoa mtoto upara. Asubuhi iliyofuata niliingia mwenyewe kumwamsha. Shanga saba zilikuwa zimepangwa kwenye mto, kando ya sikio lake.

Nilizigusa. Zilikuwa na uvuguvugu.