Kidole Changu Kilikuwa Juu ya "Futa Zote"

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha "Futa Zote" mwanamke yule alipoingia.

Sikumjua. Hakubisha hodi, hakusalimia. Alipita katikati ya magauni yaliyotundikwa, akampita mama yangu aliyeinama kwenye cherehani, akaja moja kwa moja hadi kona yangu.

"Wewe ndiye mwenye blogu ya mtaa?"

"Ndiyo, dada. Karibu..."

"Wewe ndiye uliyemtupa baba yangu."

Cherehani ikanyamaza.

Ndugu zangu, ninyi mnaonisoma mnanijua. Maji yakikatika, mnapata habari kwangu. Mbuzi akipotea, mnaanzia kwangu. Nilimaliza chuo mwaka jana, nilikosomea ukutubi, na kwa kuwa kazi hakuna, nikafungua blogu hii kwenye kona ya duka la ushonaji la mama. Sijawahi kumtupa hata paka.

"Dada, nadhani umekosea mlango," nikasema.

"Sijakosea. Nimekuandikia mara tisa tangu jana. Naandika, natuma, nikirudi kuangalia hakuna kitu. Baba yangu ana kisukari, na kichwa chake kimeanza kusahau. Ametoka nyumbani jana alfajiri, hajarudi. Dawa zake ni hizi hapa."

Akapiga mkoba wake kwa kiganja.

"Polisi wameandika kwenye daftari lao, wameniambia nisubiri. Lakini mtaa mzima unasoma kwako. Kwa nini unanifuta?"

"Sijakufuta. Sijakuona kabisa."

"Basi nitafute hapo, mbele yangu."

"Unaitwa nani?"

"Jina la shule ni lingine. Ila baba ananiita Zawadi, na siku hizi hakumbuki jina jingine lolote. Nimeandika hilo, ili mtu akimsomea alitambue."

Zawadi...

Nikatoa kidole kwenye kitufe.

Ngoja niwaeleze. Miezi miwili iliyopita maoni taka yalitaka kuiua blogu hii. Chini ya tangazo la msiba mtu anaandika: "Chukua mkopo leo bila dhamana." Chini ya habari ya chanjo za watoto: "Mganga anarudisha mpenzi ndani ya saa tatu." Mlikuwa mnanilalamikia, na mlikuwa na haki.

Nikaweka chujio. Nikaketi nikaandika maneno arobaini na moja, kwa mkono wangu. Mkopo. Bahati. Mganga. Bure. Ubashiri. Oni lolote lenye neno mojawapo lilikwenda kwenye kapu la taka bila mtu kuliona. Lenye namba ya simu nalo, kapuni.

Neno la kumi na mbili lilikuwa "zawadi".

La mwisho, la arobaini na moja, lilikuwa "bei poa". Hilo niliweka kwa hasira. Kulikuwa na mtu mmoja anajiita Bei Poa, muuza simu, akiandika kila siku chini ya kila habari. "Bei Poa Simu. Vioo, betri, chaji, karibuni wateja." Aliandika hivyo hata chini ya habari ya choo cha shule kilichoziba. Nilimchukia mtu huyo bila kuijua sura yake.

Kila asubuhi nilikuwa nalimwaga kapu. Silisomi. Nabofya "Futa Zote", basi.

Na asubuhi ile nilikuwa na haraka kuliko siku zote. Ofisi ya gazeti moja ilitafuta msimamizi wa maoni ya wasomaji, na mhariri wao alikuwa ameniambia kwenye simu: "Binti, saa kumi alasiri nitaifungua blogu yako. Nikiikuta haina tangazo la mtu hata moja, kazi ni yako." Kazi ya kwanza. Ya kweli, yenye meza yangu.

Nikalifungua kapu.

Maoni mia sita na kumi na mawili.

Nikaandika "Zawadi" kwenye sehemu ya kutafutia. Yakaja mia na nane. Shinda zawadi, jishindie zawadi, zawadi yako inakusubiri... Na katikati yake, kama mtu amesimama kwenye umati wa walevi, yeye:

"Naitwa Zawadi. Namtafuta baba yangu. Amevaa koti la kijivu na ndala mbili zisizofanana. Zamani alikuwa fundi saa. Tafadhali."

Mara tisa. La mwisho lilibaki na maneno mawili tu: "Zawadi. Tafadhali."

Mwanamke aliyasoma juu ya bega langu. Sikuweza kugeuka.

"Nisamehe, dada. Neno zawadi..."

"Utaniomba radhi baadaye. Kuna aliyenijibu?"

"Angekujibu nani? Hakuna aliyeona."

"Kama mimi nimo humu, na mwingine anaweza kuwemo." Akavuta kiti cha wateja, akakaa. "Soma yote. Niahidi hutafuta hata moja kabla ya kulisoma kwa macho yako."

Nikaiangalia saa ya ukutani. Saa tatu na nusu. Nikaona meza yangu ya gazeti ikisogea mbali.

"Nakuahidi."

Nilijaribu njia ya mkato. Nikatafuta neno "baba". Wakaja Baba Mtabiri, Baba wa Nyota na Baba Mtaalamu wa Mapenzi. Nikatafuta "mzee". Akaja Mzee wa Ubashiri, mara sabini. Hakukuwa na neno hata moja la kawaida ambalo matapeli hawakuwa wamelivaa.

Basi tukasoma. Moja moja.

Mama alileta chai, ikapoa. Alisimama nyuma yetu na futi shingoni.

"Hawa watu hawalali?" akauliza.

"Hawalali, mama."

"Huyu anasema ataniondolea kitambi kwa siku mbili. Hebu mpite haraka kabla sijashawishika."

Mwanamke alitaka kucheka, akashindwa. Mia mbili. Mia tatu. Kila baada ya muda aliangalia mkoba wenye dawa. Siku nzima na usiku bila dawa...

Saa tano na dakika thelathini na tano, oni la mia nne na kumi na tisa:

"Bei Poa Simu. Vioo, betri, chaji, karibuni wateja..."

Kwa mazoea nikashuka chini.

"Rudi," mwanamke akasema.

"Huyu ni tangazo, dada. Huyu namjua."

"Uliahidi."

Nikarudi.

"...karibuni wateja. Kuna babu amekaa kwenye ngazi zangu tangu asubuhi, ndala ya kulia nyeusi, ya kushoto bluu. Ni wa kwenu?"

Mwanamke akasimama.

Nikamtafuta Bei Poa. Yalikuwemo mawili zaidi. La jana jioni: "Bei Poa Simu. Vioo, betri, chaji, karibuni wateja. Babu amekubali uji, nimemtandikia nyuma ya duka. Anatengeneza saa yangu mbovu." Na la leo asubuhi: "Bei Poa Simu. Vioo, betri, chaji, karibuni wateja. Saa sita nafunga, nina basi, mama yangu anaumwa kijijini. Huyu babu nimwache kwa nani? Jamani, mbona hamnijibu?"

Aliandika lile la jana jioni dakika nne baada ya oni la sita la Zawadi. Walikuwa wanajibizana ndani ya kapu langu. Mmoja anaita, mwingine anaitika, na mimi nimefunga mlango kwa nje.

Tukapiga namba iliyokuwa mwishoni mwa tangazo lake. Haipatikani. Tukapiga tena. Haipatikani.

"Muuza simu, simu yake imezima," mama akasema. "Kibanda chake nakijua, na umeme umekatika upande ule tangu usiku. Kimbieni, mnasubiri nini?"

Tulikimbia.

Tulifika saa sita na dakika kumi. Kibanda chenye bango jekundu la Bei Poa Simu kilikuwa kimefungwa, kufuli mbili.

"Amefunga sasa hivi," muuza viatu wa jirani akatuambia. "Nimemwona na begi mgongoni."

"Na babu je? Alikuwa na babu."

"Sikuangalia, dada yangu."

Mwanamke alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Aliukumbatia mkoba. Mimi nilisimama tu, na nilichokuwa nakiona ni kidole changu, asubuhi baada ya asubuhi, miezi miwili... Ni nani wengine niliowamwaga?

Ndipo tukasikia sauti nyuma ya kibanda.

"Shika tochi vizuri, kijana. Mkono wako unatetemeka kama wa mwizi."

Alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyuma, koti la kijivu, ndala nyeusi na ndala bluu. Uso ulikuwa umelowa jasho na vidole vyake vilikuwa havitulii, lakini alikuwa ameishika saa ndogo kama mtu anayeshika kifaranga. Pembeni yake kijana mwembamba, begi mgongoni, anammulikia.

"Baba," mwanamke akaita.

Mzee akainua macho. Akamwangalia kwa muda mrefu.

"Zawadi. Mbona umechelewa kutoka shule?"

Mwanamke huyu ana mvi mbili tatu. Alipiga magoti, akafungua mkoba.

"Samahani, baba. Mwalimu alituchelewesha. Meza dawa kwanza."

Kijana akazima tochi, akanisogelea.

"Jana alikuja akaniambia nimekalia meza yake," akasema kwa sauti ya chini. "Kumbe zamani kulikuwa na mafundi saa hapa. Sikubishana naye. Nikampa saa."

"Na basi lako?"

"Limeondoka. Ningemwacha kwa nani? Kuna jingine saa kumi na mbili jioni."

"Na mama yako?"

Alitazama pembeni. "Nitafika kesho badala ya leo."

Ilinibidi niseme. Ningeweza kunyamaza, asingejua kamwe.

"Kaka, mimi ndiye mwenye blogu. Mimi ndiye niliyekufungia."

"Wewe?" Akashangaa kweli. "Nilidhani ni mashine."

"Mashine niliifundisha mimi."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Nilikuwa nakukera, najua," akasema. "Ila hapa wateja hawaingii. Yale maneno ya vioo na betri nimeyahifadhi kwenye simu, yanajiweka yenyewe kila nikiandika. Hata mama nikimwandikia yanakwenda."

"Nikulipe nini?"

"Hakuna." Akafikiri. "Au... nafungua tena mpaka saa ya basi. Niachie tangazo langu moja, lionekane kama la mtu. Mpaka saa kumi na mbili. Nikipanda basi, lifute."

"Nakuahidi," nikasema. Saa kumi alasiri ya mhariri ilinijia kichwani baada ya neno kunitoka.

Nilirudi dukani. Nikaliweka tangazo la Bei Poa la kwanza kabisa kwenye maoni, chini ya habari kwamba mzee amepatikana. Nikaisubiri simu.

Ikaja saa kumi na robo.

"Binti, kazi safi sana," mhariri akasema. "Isipokuwa umesahau moja. Kuna muuza betri hapo juu."

"Sijasahau. Nimemwahidi likae mpaka saa kumi na mbili."

"Umemwahidi muuza betri?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza, sitamsingizia. Kisha akapumua.

"Hadithi nzuri. Lakini natafuta mtu anayeweza kufuta. Nina wengine wawili kwenye orodha, na jina napeleka leo saa kumi na moja. Lifute sasa, nikuandike wewe. Likiwepo saa hiyo, nitaelewa."

"Naelewa, mkuu."

Mama alikuwa amesikia kila kitu. Hakuinua kichwa.

"Ni kubofya mara moja tu?" akauliza.

"Mara moja tu."

"Na yule kijana hatajua?"

"Simu yake imezima. Hatajua."

Akaendelea kushona pindo. Mimi nikatoa mikono kwenye meza, nikaikalia.

Saa kumi na moja ilipita. Simu haikulia tena, na haijalia mpaka leo ninapowaandikia.

Sasa nyie mnaolalamika kwamba maoni yenu yanachelewa kutokea, sababu ndiyo hii. Chujio bado lipo, maana matapeli bado wapo. Lakini kapu nalisoma mwenyewe kila asubuhi, lote, kabla sijalimwaga. Chujio linayajua maneno. Halijui ni nani anayeyasema, na kazi hiyo nilikuwa nimeikabidhi kwa kitu kisichoweza kumsikia mtu akiita. Kama nanyi mna ukurasa, kundi, au hata simu mliyofungia watu, kabla ya kufuta, someni.

Jioni ile kivuli cha cherehani kilipofika mlangoni, mama alizima pasi, akafunika kitambaa, akaitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi niliyekuwa bado nimekalia mikono.

"Haya, muda umefika. Lifute tufunge duka."

Nikaitazama saa.

"Bado dakika mbili, mama."

Akavuta kiti, tukakaa, tukazisubiri.