Bibi Harusi Kwenye Tangi la Maji

Kila asubuhi kabla ya shule, Kidosho alipitia dukani kwa shangazi yake, mchapaji wa kadi na mabango. Alifuta vumbi kwenye kompyuta, akajaza karatasi kwenye printa, kisha akachezea fonti, yaani mitindo ya herufi, kidogo. Aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya kadi za harusi. Herufi zake zilijipinda kwa madaha na kuburura mikia mirefu, ndiyo maana dukani waliiita Bibi Harusi.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule yao alipiga simu. Tangi la maji la shule lilikuwa limetiwa dawa kali ya kulisafisha, na tangazo lilihitajika haraka.

"Andika kwa herufi nene zilizonyooka," shangazi alisema huku akitoka mbio kumpelekea mteja kadi. "Maji yana dawa, usinywe. Basi!"

Herufi zilizonyooka? Aka! Kidosho alitaka shule nzima imsifie. Akachagua Bibi Harusi, tena herufi kubwa tupu. Mikia ikaingiliana hadi maneno yakapotea, lakini yeye aliona uzuri tu.

Shuleni, mlinzi aliligeuza tangazo huku na huku. "Maua haya yanasemaje, binti?"

Kidosho akacheka, akamsomea. Mlinzi akalibandika juu ya bomba la tangi.

Wakati wa mapumziko jua lilikuwa kali. Watoto wa darasa la kwanza walikimbilia bombani na vikombe vyao. Mbele kabisa alikuwa Kibonge, mdogo wake Kidosho. Alilitazama tangazo, akatabasamu kwa yale mapambo, akafungua maji.

Kidosho alimwona kutoka upande wa pili wa uwanja. "Kibonge! Usinywe!"

Kelele za uwanjani zilimeza sauti yake. Kikombe kilikuwa kinakaribia mdomo. Kidosho alikimbia, akajikwaa, akainuka, akakipiga kikombe kwa kiganja. Maji yakamwagika.

"Umemeza? Sema kweli, umemeza?"

"Bado," Kibonge alijibu, kisha akaangua kilio. "Kwani nimekosa nini, dada?"

Swali hilo lilimchoma Kidosho. Mwalimu mkuu alifika akihema, akamkazia macho mlinzi. "Nani kaandika kitu kisichosomeka?"

Kidosho akasogea mbele. "Ni mimi, mwalimu. Shangazi aliniagiza herufi zilizonyooka. Mimi nikataka sifa."

Mlinzi aliachwa alilinde bomba, na Kidosho akatumwa dukani pamoja na Kibonge. Shangazi alisikiliza yote bila kumgombeza, akamkalisha mbele ya kompyuta. Tangazo jipya lilipotoka, shangazi alimpa Kibonge alisome.

"Ma-ji ya-na da-wa," Kibonge alisoma akifuata kwa kidole. "U-si-nywe."

Kidosho alilia kwa aibu na kwa furaha pia.

"Bibi Harusi hana kosa, mwanangu. Tumwache kwenye kadi zake," shangazi alisema, akimpangusa machozi. "Wewe ulimfikiria atakayekusifu. Ulipaswa kumfikiria mwenye kiu."